Wadudu Kwenye Kabati la Cephas

Mimi pia hununua vitu vya bei ya chini, lakini huvijaribu kwanza. Shemeji yangu Cephas wa Kisegi, kando ya ziwa, yeye hununua bei. Alitoka sokoni Migori na mashine ya kupuliza rangi, ile rahisi kabisa, apake upya kabati la vyombo kabla wakwe hawajaja kumposa binti yake Linet. Dada yangu Filister alimwomba atumie brashi tu.

"Wacha ushamba, mama Linet," akasema.

Mashine ilitema rangi kama mtu mwenye kikohozi. Mdomo wake uliziba, akauzibua, ukaziba tena. Kazi ya saa moja ikala mchana mzima. Jioni kabati lilikuwa bado bichi uani, na wadudu wa ziwa wakaja kama moshi, wakanasa kwa maelfu. Kabati jeupe likaota manyoya.

Mwenye akili angekwangua. Cephas alipuliza rangi juu yao!

Kesho yake Filister alilifunika kabati kwa vitambaa, wakwe wakaketi, samaki wakaandaliwa. Lakini Cephas hakuweza kunyamaza.

"Jaduong', mzee wangu, hebu ona kazi ya mashine," akamwambia baba wa kijana aliyekuja kuposa, akivuta kitambaa.

Mzee alipitisha kidole kwenye mlango wa kabati. Mabawa mawili yakabaki kwenye ukucha wake. Akayatazama, halafu akaitazama sahani iliyotoka ndani ya kabati lile.

"Mimi nimeshiba," akasema, na hakuna aliyekuwa ameanza kula.