Kaza Moyo ya Mzizima

Harufu ya mafuta ya karafuu hunirudisha Mwananyamala, kwenye chumba cha nyuma ambako dada yangu Zuhura alilala masika yote juu ya godoro lililotandikwa chini, mguu wake wa kulia ukiwa ndani ya plasta. Ndiyo miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya foleni ndefu za kila kitu, na soda za rangi ambazo hatukuwahi kuziona zikauacha mtaa wetu umejaa vizibo. Mimi, msichana wa miaka minane, niliviokota. Zuhura, mwenye kumi na mitatu, aliviumbia nchi.

Nchi ile iliitwa Mwambao. Alinieleza kwamba huko meli ya wakoloni ilifika kweli, nahodha akashuka, akakuta watu wana mji wao na mipango yao, akaomba maji ya kunywa, akaondoka zake. Kwa hiyo mji mkuu haukubadilishwa jina, ulibaki Mzizima, jina la kale la jiji letu. Aliuchora kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji kando ya godoro: ikulu, soko la samaki, reli iliyokwenda popote alipotaka yeye, na katikati uwanja wa mpira. Timu ya mji ilikuwa Kaza Moyo, vizibo kumi na kimoja vyekundu, na winga wake Kiguru alikuwa kizibo kilichopinda. Mpira ulikuwa mbegu ya mpapai. Zuhura aliwasukuma wachezaji kwa njiti ya ufagio huku akitangaza kama redio, hata majirani wakawa wanauliza leo nani anacheza na nani. Nilikuwa nakaa mdomo wazi. Sikujua kwamba mtu anaweza kulala chini mchana kutwa na bado akawa na nchi.

Kisha plasta ikatolewa, daktari akasema mfupa umeunga, atembee. Bibi akawa anauchua mguu kwa mafuta ya karafuu, lakini Zuhura akakataa. Aliogopa utavunjika tena, na hakuna aliyemweza, si mama kwa kubembeleza wala baba kwa ukali. Wiki mbili zikapita. Mimi nikaanza kuamini kwamba dada yangu hatainuka tena, na hofu hiyo sikumwambia mtu. Ndipo ikafika fainali ya Kombe la Mwambao. Bibi alikuwa amekaa mlangoni juu ya mbuzi, anakuna nazi na kusikiliza. Hadi mapumziko Kaza Moyo walikuwa wameshafungwa mawili bila.

Bibi akaacha kukuna. "Waliingilia wapi hao?"

"Getini, Bibi," Zuhura akajibu.

"Getini! Fainali, timu inapita getini kama wageni wa harusi? Wenzao si wameshafukia vitu vyao pale!"

Mtaani kwetu hata mtoto alilijua hilo: timu inayoogopa dawa ya mpinzani huruka ukuta. Bibi akaonyesha dirisha. Kipindi cha pili, alisema, wangeingilia pale. Nikainama kuvikusanya vizibo, akanishika mkono.

"Mwache. Aliyewapitisha getini ndiye atakayewapitisha ukutani. La sivyo, mie sishangilii."

Kutoka godoroni hadi dirishani zilikuwa hatua nne. Zuhura alilitazama dirisha, akavifunga vizibo kwenye pindo la kanga, akajivuta ukutani hadi akasimama. Mguu wa kushoto ukatangulia. Wa kulia ukafuata, mwembamba, unatetemeka, ukakanyaga ikulu ya Mzizima na kuifuta. Hayawi hayawi, huwa. Alipofika dirishani alikuwa analia, lakini alitoa mkono nje na kuwaingiza mmoja mmoja, Kiguru akiwa wa kwanza, akitangaza. Tulishinda matatu kwa mawili. Bibi akarudi kwenye nazi yake, na hadi leo sijui kama aliamini dawa ile au alimwamini mjukuu wake.

Sakafu ile sasa ina vigae, na Mzizima iko chini yake. Juzi mimi na Zuhura tulikwenda Chamazi kutazama mpira, kwenye uwanja wa taa na majukwaa. Dada bado huchechemea kidogo. Mbele ya geti alisita, akautazama ukuta.

"Bibi angekuwepo, tungeruka," alisema.

Tukacheka, tukapita getini kama wageni wa harusi. Tulipokuwa tunapanda ngazi goli likafungwa, watu wote wakasimama wakipiga kelele. Sikuliona. Nilikuwa nyuma yake, nautazama ule mguu wa kulia.