Dada Anakanyaga Makaburi

Dada yangu alipopata nafasi ya kusoma Ulaya, kwenye chuo kikongwe kuliko jengo lolote utakaloliona Ruangwa au Nachingwea, nilijipa kazi ya kumhoji. Wengine nyumbani walitaka kujua kama anakula na kama anasali. Mimi nilitaka mambo ya maana. Choo kikoje? Maprofesa wanakoroma? Kwenye jengo la zamani hivyo, popo wanakaa wapi?

Nikiwa na bando nilimtumia maswali mfululizo, naye akajibu kwa uvumilivu. Popo hajawaona. Ila katikati ya chuo kuna uwanja wa majani, umenyolewa vizuri kama kichwa cha kuruti, na kibao kinachokataza mwanafunzi kuukanyaga. Maprofesa tu ndio ruksa. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sisi huku kijijini kwetu Nkowe majani yakiota uani ni aibu, unalima na kufagia mpaka udongo ung'ae. Wenzetu wameyawekea ulinzi.

Wiki ya pili akatuma video ya kanisa la chuo. Ilinikuta shambani na bibi mzaa mama, tunaokota korosho. Mimi na bibi tunataniana tangu nina kamasi: ananiita mume wangu, mimi namwita mke niliyeozeshwa kwa nguvu. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, mengine yote ni Kimwera, na dada Kimwera kinampiga chenga, kwa hiyo mkalimani wa habari za Ulaya ni mimi.

Tukaona dari, tukaona vioo vya rangi, halafu dada akashusha simu. Viatu vyake vilikuwa juu ya jiwe lenye maandishi. Akasema, tena kwa furaha, kwamba chini ya sakafu ile wamezikwa walimu wa zamani wa chuo, na wanafunzi wanapita juu yao kila siku.

Bibi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka kikapu chini.

"Yaani majani hawayakanyagi," akasema, "watu ndio wanawakanyaga?"

Nilijaribu kumchekesha, kwamba labda marehemu wamepewa ghorofa ya chini, nyumba za Ulaya ndivyo zilivyo. Hakucheka. Akasema nimwambie mjukuu wake arudi nyumbani.

Kwetu neno la bibi mzaa mama halizungushwi. Nikamfikishia dada jioni ileile. Kumbe na yeye hakuwa sawa: tangu afike, hakuna aliyemuuliza hata kwao ni wapi, ni salamu za kwenye ngazi tu na kila mtu anaingia chumbani kwake. Aliniambia mimi peke yangu kwamba bibi akisema tena arudi, atafunga begi. Hapo masihara niliyaacha, karibu yote.

Nikamfuata bibi jikoni nimuulize hasa shida ni nini, maana hata sisi marehemu tunao. Akanijibu kwamba shida si marehemu. Mgeni hupelekwa kwa wenyeji, na wale wa chini ni wenyeji kuliko wote. Mtu wa kumpeleka anamtaja mgeni jina na ukoo wake, unga kidogo unawekwa chini, ndipo anakaa. Dada ameingia peke yake kama kuku, akapita na viatu juu ya vichwa vya wazee.

Mama, mwanakwaya wa parokia, akasema wale wako kanisani tayari, sala inawatosha. Bibi hakubisha. Akaagiza dada asali Baba Yetu, halafu aweke unga na kujitaja mwenyewe, maana hana wa kumpeleka; habari ya kurudi ataiamua baada ya hapo. Dada akauliza afanyeje, unga wa mtama huko hakuna, upo wa ngano. Bibi akauliza wale wazee walikuwa wakila nini. Mikate. Basi wa ngano utawafaa.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, dada akabaki na unga kwenye mfuko wa koti. Akasali, akachuchumaa, akaweka unga pembeni ya jiwe na kuanza kujitaja. Akiwa katikati ya ukoo, akasikia hatua. Alikuwa msichana wa chumba kinachotazamana na chake, amerudi kuchukua vitabu vya kwaya. Akauliza ile poda ni ya nini.

Dada angeweza kuzuga. Akamweleza yote, mpaka habari ya majani. Msichana akalisoma jiwe. Alikuwa mwaka wa pili na hakuwahi kujua anamkanyaga nani. Akauliza kama na yeye anaruhusiwa, akachota unga kwa vidole viwili, akataja jina lake na kijiji chao.

Wakatupigia simu ya video palepale. Tafsiri ilienda vizuri mpaka dada aliposema kwamba baada ya hapo waliufuta unga kwa karatasi, kwa ajili ya usafi.

"Amempa mzee chakula halafu amemnyang'anya?" bibi akauliza.

Nikadakia kwamba huko hakuna kuku wa kuumalizia. Bibi hakunisikiliza. Alikuwa anamtazama yule msichana kwenye kioo cha simu.

"Na huyu amejitaja?"

"Amejitaja, bibi. Na kijiji chao."

"Pamoja na mjukuu wangu?"

"Pamoja."

Akashusha pumzi. "Basi ana mtu. Akae."

Nilipomfikishia dada, alijifunika uso kwa mikono. Msichana akamshika bega bila kujua tumesema nini.

Bibi akataka aonyeshwe mzee mwenyewe. Jiwe likajaa kwenye kioo. Akafunga kitenge vizuri, akaanza kulisemesha kwa Kimwera, taratibu, kama anayebisha hodi. Msichana akataka kujua anasema nini. Nikatafsiri kwa Kiswahili, dada akamalizia kwa Kiingereza: kwamba wajukuu wake wawili watakuwa wanapita hapo na viatu, awavumilie, wanaenda kusoma.

Halafu bibi akaweka sikio kwenye simu, akangoja jibu la mzee. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Kule kanisani walikuwa kimya, na mimi sikuthubutu hata kukohoa.