Mtama Uliokatwa Kota

Mpaka leo nikimwona askari ameshika panga, damu inanichemka, wala sifichi.

Miaka ile ya utawala wa jeshi tulikaa kota za polisi Bukoto, Kampala, mimi na mume wangu konstebo. Kwetu ni kaskazini, nchi kavu. Mvua ikija inakaa wiki chache, inaondoka. Mtama wetu unawahi kukomaa kabla ardhi haijakauka. Mwaka mmoja ukame ukawabana watu wa kwetu hadi mama yangu akanitumia salamu: mbegu ya kupanda wameipika, wameila. Imebaki ile kidogo niliyopewa nilipoolewa, ndani ya kibuyu, imechanganywa na majivu isiliwe na wadudu. Niipande, nivune, nimpelekee kabla mvua zao hazijaanza.

Wenzangu walilima udongo mweusi karibu na bomba. Mimi nikaenda nyuma ya vyoo, kwenye kokoto na jua. Wakacheka: "Mama, hapa Kampala unalima mawe?" Wacheke! Mtama wa nchi kavu ukiupa maji mengi unajaa majani, na masuke yanaoza. Niliipanda yote, kwa nafasi pana, sikutia hata kopo moja la maji. Lo, ulitoka! Masuke yakaanza kuwa mekundu.

Ndipo afande mmoja akapita, kitambi mbele, akatoa amri: mimea yote inayopita kiuno ikatwe leo leo, maadui watajificha humo. Maadui gani, nyuma ya vyoo vya polisi? Na aliyeamriwa kukata ni mume wangu.

"Niombee wiki mbili tu," nikamwambia. "Nimeminya punje, bado zinatoa maziwa. Haziwezi kuota."

"Mke wangu, unataka nipotee?"

Watu walikuwa wakipotea kweli, sikatai. Lakini alikata kwa bidii, kama mtu anayetaka kusifiwa. Hilo sijamsamehe.

Nilianika yale masuke mabichi, kisha nikaloweka punje kwenye kitambaa. Haikuota hata moja. Mbegu za sokoni Kampala zinataka mvua ya miezi, kwetu zingekufa njiani.

Mwaka ule kwetu mvua ilinyesha, nzuri ajabu. Mume wangu aliniletea habari hiyo akitabasamu, akidhani nitafurahi. Mama yangu alikuwa na shamba lililolowa na jembe mkononi, hana cha kutia shimoni.

"Basi nenda," nikamwambia, "ukampandie ile amri."