Mkaguzi wa Mbao Mpenda Soga

Mkaguzi wa mbao akifika Makindye haanzi na karatasi. Hupapasa ubao kwa kiganja kama anayebembeleza mtoto, kisha huomba chai. Nuriat, mwenye yadi, alikuwa amemwapia kwamba mzigo wake wa mbao za kwenda Ulaya ulikatwa shambani Masindi, humu humu nchini, na roho ikamtulia alipomwona mzee akipiga soga tu na dereva wa lori lililoleta mzigo huo.

"Pole na safari, ndugu yangu. Njia ya Kongo imekauka?"

"Wapi, mzee! Juzi tumekwama matopeni Beni."

Birika likamlemea Nuriat mkononi.

"Hajati," mkaguzi akauliza kwa upole uleule, "Masindi imehamia Kongo lini?"

Nuriat akashindwa kujizuia, akacheka. "Sasa nifanyeje, mzee?"

"Shusha mbao zote. Halafu niongeze chai, tamu hii."