Nilimwaga Oili Mwenyewe, Ikatoka Nyekundu

Ilikuwa mwaka 2019, kiangazi kikiwa kimekolea.

Siku hiyo gari langu lilitokwa na damu, na aliyelichinja ni mimi.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana simulizi nyingi za humu mtandaoni huanzia mkiani.

Nilikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu saba, na mtu asiyekosea. Hilo la mwisho mtaa mzima ulilijua. Nilikuwa nimehakikisha unalijua.

Gari nilikuwa nalipeleka kwa fundi mmoja aitwaye Grisi, niliyemfundisha darasa la sita. Kila akimaliza kumwaga oili, hubandika pembeni mwa kioo karatasi ndogo: rudi baada ya kilomita elfu tano au miezi sita.

Nami nilikuwa na kijitabu cha gari. Kijitabu kilisema kilomita elfu kumi au mwaka mzima.

"Kijitabu kinasema elfu kumi," nilimwambia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Elfu kumi."

"Mwalimu wangu, gari lako linakwenda sokoni na kurudi. Injini haijapata moto sawasawa, ushazima. Halafu njia yenu ile ni vumbi tupu. Oili inachoka mapema."

"Kwa hiyo waliolitengeneza hawajui, wewe ndiye unayejua."

"Sijasema hivyo..."

"Umesema hivyo hasa."

Nikaondoka na hasira zangu, nikanunua lita nne za oili, nikaazima ufunguo wa nati kwa jirani.

Mume wangu alikuwa barazani na gazeti lake.

"Unakwenda wapi na beseni la kufulia?"

"Kumwaga oili."

"Kwani gereji imefungwa?"

"Akili yangu imefunguka."

Alishusha gazeti, akanitazama, akalipandisha tena. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa imemfundisha wakati wa kunyamaza.

Nilipandisha magurudumu ya mbele juu ya ukingo wa saruji, nikaweka mawe nyuma ya yale mengine, kwa kuwa mimi si mjinga. Nikatandika gunia. Nikalala chali.

Nati ilikuwa pale pale, kubwa, kana kwamba inaningoja. Nikaifungua.

Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Hilo nililijua hata mimi. Iliyotoka ilikuwa nyekundu, safi, inang'aa kama wino wangu wa kusahihishia.

Mtu mwingine angejiuliza amefungua nini. Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza. Nilikuwa nimemkamata mwizi.

Nikapiga picha. Nikaituma katika kundi la simu la mtaa, lenye watu mia mbili na kitu, nikaandika kwa sentensi zilizonyooka:

"Tazameni alichokuwa akikitia fundi Grisi katika injini yangu. Aliyewahi kupeleka gari kwake na alichunguze."

Hazikupita dakika tano, mkuu wa shule ya mtaani akajibu: "Asante sana, Mwalimu. Jumatatu tulikuwa tumkabidhi mabasi yetu matatu. Sasa tutatafuta fundi mwingine."

Nilijisikia shujaa. Nikarudisha nati, nikamimina lita zangu nne kwa madaha, nikawasha.

Ua wote ukatoweka kwa moshi.

Nikatia gia. Gari halikusogea hata unywele. Nikatia nyingine. Kimya, kama mwanafunzi asiyejua jibu.

"Mama watoto," sauti ikatoka ndani ya moshi, "gari limeiva?"

Nikazima injini.

Aliyekuja ni Grisi, kwa miguu. Alikuwa ameisoma ile habari. Nilitarajia matusi, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kuyasahihisha. Hakutukana. Aliinama, akanusa beseni, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakitazama kwa muda.

"Mwalimu, hii nyekundu ni ya giaboksi. Ndiyo rangi yake. Ya injini bado imo yote, nyeusi kama lami, nawe umeiongezea lita nne juu yake."

"Kijitabu kinasema..."

"Nionyeshe."

Nikamletea, ukurasa wa themanini na tatu, mstari nimeupigia wino mwekundu. Akausoma.

"Darasa la sita," alisema, "ulinisimamisha mbele ya wenzangu kwa kujibu swali kabla sijageuza ukurasa. Nikasema 'Nimekosea, sikusoma mpaka mwisho.' Mara tatu. Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Niliwasimamisha wengi.

"Geuza, Mwalimu."

Nikageuza. *Kwa gari linalokwenda safari fupi, au linalopita njia za vumbi, oili ibadilishwe kila kilomita elfu tano au miezi sita.*

Aliagiza gari la kuvuta, tukalipeleka langu gereji. Njia nzima alisema sentensi moja tu: "Kwa ajili ya mabasi yale, nilikuwa nimeshaita mafundi wawili waanze kazi."

Usiku ule mume wangu alinishauri kwa upole. "Ifute tu ile picha. Watu watasahau."

"Watasahau kosa langu," nikamwambia. "Jina lake hawatalisahau."

Basi, wajukuu zangu wa mtandaoni, mnaouliza kila siku kwa nini umlipe fundi kazi ya kufungua nati moja: kufungua nati hata bibi anaweza. Unamlipa kwa kujua ni nati ipi. Na kijitabu mkisome, ila msome kurasa zote mbili.

Jumatatu asubuhi nilimwita mkuu wa shule pale gereji. Wateja sita walikuwepo, mikono kiunoni. Mume wangu alishika simu kunirekodi kwa ajili ya lile kundi, akifurahi kuliko ilivyostahili.

Nikasimama mbele yao, mikono ubavuni, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu.

"Fundi Grisi hakuniibia. Oili ile ni ya giaboksi, niliimwaga mimi kwa kufungua nati isiyo yenyewe. Nimekosea, sikusoma mpaka mwisho."

Hakuna aliyecheka.

"Nimekosea, sikusoma mpaka mwisho."

Mkuu wa shule akatoa funguo za mabasi mfukoni, akaziweka juu ya meza ya Grisi. Nikadhani yamekwisha. Nikachukua mkoba wangu.

"Mwalimu," Grisi akasema, bila kutabasamu. "Hizo ni mbili."

Nikauweka mkoba chini, nikanyoosha mgongo, nikaisema ya tatu.