Bangili ya Mama Mkwe na Filta ya Kompresa

Mama mkwe wangu alinichukia tangu siku niliyoshuka kwenye lori na godoro langu. Sisemi kwa uchungu, nacheka, maana alinichukia vizuri, bila kujificha. Mimi ni mtu wa Kaniha, kule Biharamulo. Yeye ni wa hapa hapa Bukiriro, na kwake yeye mwanamke aliyetoka kwetu hajui kupika, hajui kulima, hata akifagia anafagia kinyume. Akinikuta uani asubuhi anauliza, "Bado upo?" Namjibu, "Nipo, mama." Ndiyo ilikuwa salamu yetu, miaka na miaka.

Ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka mto kwa wingi mpaka vilima vikageuka rangi kwa maturubai. Kuni zikaisha. Kijito chetu cha bondeni kikakanyagwa na watu, kikakanyagwa na ng'ombe, kikakanyagwa na watu tena, mpaka ukichota unapata maji ya rangi ya chai ya maziwa. Unayaacha kwenye ndoo yatulie, ukimwaga ya juu unakuta chini tope limekaa kama uji. Watoto wanaharisha kila nyumba. Basi watu wetu wakawa na hasira na kila mtu. Hasira na wakimbizi kwa kuja, hasira na serikali kwa kuwapokea, hasira na yale malori ya maji yanayokwenda kambini, yanatupita barabarani na ndoo zetu kichwani, yanatuachia vumbi.

Malalamiko yakafika wilayani, wakasema haya, na nyie mtachimbiwa kisima. Kimoja. Wakaleta lori la kuchimbia na kompresa.

Hiyo kompresa mimi nilidhani ni mashine ya kusaga mahindi. Kumbe inasaga upepo. Inavuta hewa, inaikandamiza mpaka inakuwa kali ajabu, halafu inaipeleka kwa mpira mnene chini shimoni, inasukuma nyundo ya kuvunja mawe na kurusha udongo juu. Bila huo upepo hakuna kuchimba. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nawapikia mafundi na kuwafulia, na nikiwa naosha sahani masikio yangu hayaoshi chochote, yanasikiliza.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa Biharamulo mjini, wa zile familia za biashara ambazo babu zao walitoka pwani. Kofia safi, Kiswahili kimenyooka. Sisi tunaozungumza Kihangaza nyumbani na Kiswahili sokoni, alituona kama mbuzi waliojifunza kusema. Siku ya kwanza lori lake liliingia kwa kurudi nyuma, likaangusha migomba miwili ya mama mkwe. Mama mkwe akaja akasimama mbele ya tairi na jembe lake. Fundi akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Bibi, toka njiani." Hakuna shikamoo, hakuna pole. Mwanamke wa umri wa mama yake. Mama mkwe alimwangalia tu, kisha akaokota majani yake akaondoka.

Sasa nieleze nilivyoiba.

Kwenye kompresa kuna filta, kama kopo nene la chuma, linachuja mafuta na maji yasiende shimoni. Pale kopo linapokutana na kifuniko chake kuna mpira mweusi wa duara, wanauita sili. Ndio unaozuia upepo usitoroke. Wakati wanaisafisha waliitupa sili moja kuukuu kwenye takataka, mimi nikaiokota, nikaiosha kwa majivu, nikaitia mkononi. Ilinikaa. Nyeusi, inang'aa, laini. Wakati ule bangili za mpira mweusi zilikuwa ndio fasheni, wasichana wa sokoni wanazivaa mpaka kwenye kiwiko. Majirani wakaniona, "Na sisi tuletee." Nikaenda kwenye sanduku la vifaa vyao vya kazi, nikakuta pakiti yenye sili tano, nikajua na hizi ni za kutupwa, hawajapata tu nafasi ya kuzitupa. Nani anaweka bangili na spana? Nikachukua zote.

Tatu nikawapa majirani. Moja akainyakua wifi yangu. Ya tano nikampelekea mama mkwe, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

Akaigeuzageuza. Akasema, "Hii umeitoa wapi?"

"Kazini, mama."

Akaivaa. Hakusema asante. Ila siku hiyo hakuniuliza kama bado nipo.

Siku ya nne ya kuchimba, filta ikaanza kupiga mluzi. Kwanza mdogo, kama wa mtu anayeita mbwa, halafu mkubwa, na mafuta yanarukaruka pembeni. Nyundo ikalegea kule chini. Fundi akazima, akaacha upepo wote utoke kwanza, maana ukifungua kopo lile lina upepo ndani linaweza kukung'oa kichwa. Akafungua. Sili ilikuwa imepasuka. Akaenda kwenye sanduku. Akarudi. Akaenda tena, akamwaga sanduku lote chini.

"Sili zangu ziko wapi?"

Mimi nilikuwa namenya ndizi. Mkononi nina ile bangili kuukuu. Nikaingiza mkono kwenye beseni la maji.

Fundi akakata mpira wa tyubu ya lori kwa kisu, akatengeneza duara, akafunga, akawasha. Ilishika muda wa kuchemsha chai tu. Tyubu ikikutana na mafuta inavimba kama maharage yaliyolowekwa, na hii ikavimba, ikatoka nje ya mfereji wake, ikatemwa mpaka karibu na jiko langu. Akajaribu tena, ikatemwa tena. Watu wa kijiji wakaanza kukusanyika.

Akawaambia, "Sikilizeni. Kule kambini kuna kompresa nyingine nzima na wananisubiri. Nikikosa sili mpaka saa nane mchana, nafunga mizigo. Na hilo shimo mtalisahau, udongo wa huku ni wa kubomoka, litajaa lenyewe."

"Kwa hiyo kisima kinakwenda kwa wakimbizi," mzee mmoja akasema.

"Nendeni mkawaulize hao wakimbizi wenu sili zangu wamezipeleka wapi. Si kuna mmoja anashinda hapa?"

Huyo mmoja alikuwa Mrundi aliyekuwa anatupasulia kuni kwa sahani ya chakula. Mtu mpole, na Kirundi chake na Kihangaza chetu tunaelewana bila shida. Alikuwa pale na shoka lake. Nikaona watu wanageuka wote kwa pamoja kumtazama, nikaona mmoja anachagua fimbo kwenye kuni ambazo yeye mwenyewe alizipasua. Yule Mrundi akaweka shoka chini taratibu, akainua mikono.

Nikatoa mkono kwenye beseni.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani bangili."

Nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, ila siku ile nilitukanwa na kijiji kizima, kwa lugha mbili. Mtu wa Kaniha. Amekuja kutuua kwa kiu. Hata yule aliyekuwa amevaa bangili niliyompa mimi alinitukana huku ananinyooshea mkono wenye bangili hiyo hiyo. Fundi hakutukana. Alikaa juu ya tairi akashika kichwa, akasema polepole, "Bangili."

Kisha akasimama. "Zilete. Zote."

Nikaanza na majirani. Wa kwanza yake alikuwa amefungia mtungi wa pombe ya ndizi, imevutika, imekuwa ndefu kama utumbo. Wa pili, yule aliyeninyooshea mkono, yake ilikuwa imechanwa na shoka. Wa tatu alimfungia ndama. Wifi yangu yake ilishika moto jikoni ikaganda. Fundi alikuwa anazipokea moja moja, anapitisha kidole kuzunguka, akikuta kovu anaitupa.

"Ya tano?"

Wifi yangu ndiye aliyesema, kwa furaha kabisa, "Iko kwa mama."

Tukaenda uani kwake, kundi zima. Mama mkwe alikuwa anaanika maharage. Bangili iko mkononi, inang'aa kama siku niliyompa. Mimi sikujua, wifi ndiye aliyenong'ona: kumbe akienda shamba anaivua, anaifunga kwenye ncha ya kitenge, akirudi ananawa ndipo anaivaa.

Fundi akasema, "Bibi, nipe hicho kitu."

"Kitu gani?"

"Hicho cha mkononi."

"Hii ni bangili yangu."

"Bibi, hiyo ni sili ya filta ya kompresa."

"Na wewe umevaa kofia. Mimi nimekwambia hiyo ni sufuria?"

Watu wakacheka, wale wale waliokuwa wananitukana. Mimi nikapiga magoti. "Mama, tafadhali. Nitakununulia nyingine, hata mbili."

"Wewe nyamaza, mwizi. Tangu uolewe hujawahi kuniletea kitu cha maana. Umeleta mara moja tu, na hicho nacho unarudi kunivua?"

Fundi akaangalia saa yake. "Bibi, naweza kuichukua kwa nguvu."

Hapo kijiji kikageuka. Hakuna aliyepaza sauti. Yule mzee aliyelalamikia kisima akasogea tu mpaka karibu na kofia ya fundi, akasema, "Mguse tuone."

Fundi akarudi hatua moja nyuma. Mama mkwe akaendelea kutandaza maharage, anatoa mabovu, anayaweka pembeni. Bila kumwangalia akauliza, "Siku ile umeangusha migomba yangu, uliniambiaje?"

"Sikumbuki."

"Uliniambia bibi toka njiani. Mimi nilikuwa shambani kwangu. Njia iko kule."

"Haya. Pole kwa migomba."

"Sijafika huko. Mama yako yu hai?"

"Yupo."

"Ukimkuta asubuhi, unamwambia toka njiani?"

Fundi akaangalia kule lori lilipo. Akaangalia saa. Nadhani alikuwa anahesabu muda uliobaki, na nadhani pia alikuwa anamuona mama yake, maana uso wake ulibadilika kidogo. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe akachagua harage moja, akalikagua, akalirudisha. Akachagua jingine. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, mawe yananichoma, namuomba Mungu huyu mwanamke aitikie kabla ya saa nane.

"Marahaba," akasema. "Sasa hiyo mashine yako inaumwa wapi?"

Hakumpa sili. Alisimama akaenda nayo mwenyewe mpaka kwenye kompresa, sisi tunamfuata kama maandamano ya kanisani. Fundi akamwonyesha mfereji kwenye mdomo wa kopo, alikuwa ameshaufuta kwa kitambaa mpaka hakuna punje ya mchanga. Mama mkwe akavua bangili. Ikagoma kwenye kifundo cha mkono, akaitemea mate, ikatoka. Fundi akafungua mdomo kusema kitu kuhusu mate, akaufunga. Akaifuta, akaipaka mafuta kidogo, akamrudishia. Mama mkwe mwenyewe akaiketisha kwenye mfereji kwa vidole vyake vya jembe, akaikandamiza kuzunguka, taratibu, kama anaziba ukingo wa mtungi.

Fundi akafunga kifuniko. Akaniita mimi. "We mwizi, lete povu."

Nikaleta povu la sabuni kwenye beseni, akalipaka kuzunguka filta yote. Akawasha. Kompresa ikakohoa, ikanguruma, mshale kwenye saa ya kupimia upepo ukaanza kupanda. Tukainama wote kutazama povu. Kama upepo unatoka, povu linafanya mapovu makubwa, linapasuka. Lilitulia. Mshale ukapanda, ukapita pale ulipokuwa unaishia, ukapanda tena. Povu limetulia kama maziwa kwenye kibuyu.

Saa nane ilipofika nyundo ilikuwa inagonga mpaka tunaisikia miguuni. Udongo mkavu ukatoka, ukatoka wa unyevu, jua lilipoanza kuinama likaruka tope, na baada ya tope yakaja maji. Watu waliloa na hawakukimbia. Yule Mrundi alikuwa nyuma kabisa, amekinga viganja.

Siku wanaondoka, gari la vipuri lilikuwa limeleta pakiti mpya. Fundi akafungua filta, akatoa ile sili, akaifuta, akampelekea mama mkwe. Ilikuwa imebonyea, upande mmoja umekuwa bapa. Akasema shikamoo kabla hajafika mlangoni. Mama mkwe akaivaa hivyo hivyo.

Wakafunga pampu ya mkono, na mama mkwe akajifanya msimamizi, wala hakuna aliyemchagua. Alipanga foleni mwenyewe. Wa kwanza wenye watoto wachanga, halafu wazee, halafu watu wa kijiji, halafu wakimbizi. "Halafu mwizi," anasema, ananionyesha mkia wa foleni. Nilichota wa mwisho kila siku. Wanawake wa kambini wananiuliza, "Wewe si mwenyeji? Unafanya nini huku kwetu?" Nawaambia, "Nimehukumiwa." Tunacheka mpaka ndoo zinatuanguka. Kuchelewa kwangu kwingine kulitokana na hayo mazungumzo, ila hilo sikumwambia.

Mwaka aliougua mama mkwe, akawa wa kitandani. Asubuhi moja nikaenda pampuni mapema, nikamwekea maji kando ya kitanda na kikombe.

Akaniuliza, "Umechota wa ngapi?"

"Wa mwisho, mama."

"Mwongo. Jua bado halijafika mlangoni."

Akanyoosha mkono wenye ile bangili iliyobonyea, akachukua kikombe, akanywa yote.