Fundo la Rozi

Ashraf anapofungua belo la mitumba pale Tunduma, akina mama hugombea magauni na vijana hugombea jinzi. Tai hubaki chini, zimesokotana, zikikanyagwa, na hakuna anayeziinamia isipokuwa Mzee Gwalugano. Yeye huchuchumaa, miwani puani, akazichambua moja moja.

"Mzee, mbona unanusa?" Ashraf humtania. "Hizo si samaki."

"Natafuta umri wake."

Na umri aliupata. Tai nyembamba, upana wa vidole viwili, aliihesabu ya miaka ya sitini. Iliyo pana kama ulimi wa ng'ombe, ya sabini. Aligeuza nyuma kutazama kama mshono ni wa mkono. Alichomoa uzi akauchoma kwa kiberiti: ukinuka nywele, ni hariri, ukijikunja kuwa shanga nyeusi, ni nailoni, basi airudishe chini. Siku moja alipata tai iliyovuka mpaka kutoka Nakonde, lebo yake ikitaja Rodesia, nchi ambayo hata waliozaliwa humo hawaiiti hivyo tena. Siku hiyo alisahau kula.

Nyumbani alizisafisha kwa subira. Doa la mafuta alilinyunyizia poda ya watoto, akaliacha lilale mpaka kesho yake. Maji hayakugusa hariri yake, wala pasi. Mikunjo aliilegeza kwa mvuke wa birika, kisha akaiviringisha tai taratibu na kuiweka sandukuni.

Jambo moja lilimkera: watu kuacha tai zimefungwa. Kwao, milimani Ileje, mwanamume asiyejua kufunga humwomba anayejua, na fundo likishakaa halifunguliwi tena. Jumapili huipitisha kichwani na kuikaza. Ibada ikiisha huilegeza, huivua, huirudisha msumarini. Fundo moja laweza kukaa hivyo miaka, hata aliyelifunga akawa amehamia mbali.

"Mnaninyongea tai," Gwalugano aliwaambia wazee wenzake nje ya kanisa. "Zifungueni, zipumue."

Lakini nyumbani kwake, juu ya kitanda, ilining'inia moja iliyofungwa.

Mzee huyu aliyejua kila kitu cha tai hakujua kuifunga. Hakutaka kujua. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Rozi, aliyejifunza utotoni kwa baba yake mwinjilisti, naye Rozi aliweza kuifunga shingoni mwake mwenyewe tu. Kwa hiyo kila Jumapili Rozi alisimama mbele ya kioo na tai ya mumewe juu ya gauni lake, akaifunga, akailegeza, akaivua.

"Inama," alisema. "Inama zaidi, twiga wee."

Gwalugano aliinama, na tai ikamfikia ikiwa bado na joto la shingo ya mkewe. Jioni aliifungua, ili Jumapili ijayo afungiwe tena.

Ya mwisho ilikuwa ya Pasaka, hariri ya rangi ya damu ya mzee. Jioni ile Rozi alishikwa na homa, na katika kuhangaika kutafuta gari hakuna aliyeikumbuka tai. Rozi hakurudi kutoka hospitali. Tai ilibaki msumarini na fundo lake, na mjane wa kiume hakuigusa.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa katikati, ukuta umelowa, binti yake Jenista alipopiga simu kutoka Isansa, anakofundisha. Harusi ingekuwa Itumba, mahindi yakishavunwa.

"Baba, siku hiyo uvae ile aliyoifunga mama. Ukinishika mkono kuingia kanisani, na yeye awe amenishika."

"Nitaivaa, mwanangu."

Akaishusha msumarini aitazame. Ndani ya mkunjo, pale fundo linapokaza, kulikuwa na ungaunga mweupe. Kuvu. Angeletewa tai hiyo na mtu mwingine, angesema bila kufikiri: fungua leo hii, hariri ikioza haiponi. Lakini aliipeleka nje kivulini, akaifuta kwa mswaki mkavu juujuu tu, akairudisha.

Alimweleza Ashraf.

"Ifungue tu, mzee. Usafishe, halafu utafunga tena."

"Nitafunga mimi, si Rozi. Hapo ndipo penye shida."

Ashraf aliinamia rundo la tai. Alimchagulia tai mbili nzuri, akamwambia azichukue tu.

Mvua zikaisha, mahindi yakakauka mashambani, na kila alipoitazama, kuvu ilikuwa imerudi. Kila mara aliifuta juujuu na kujiambia kesho. Wiki ya harusi alikaa mlangoni asubuhi, kwenye mwanga, akaanza kulivuta fundo kwa kucha, kidogo kidogo, kama atoaye mwiba kwenye mguu wa mtoto. Lilifunguka. Ndani yake rangi ilikuwa mpya kabisa, kama siku ilipotoka dukani mara ya kwanza, na akaona kila mkunjo ulipopita, huku na huku, njia ya vidole vya Rozi.

Alipoinyoosha, ikakatika. Haikutoa hata sauti.

Angeifungua siku ile alipopigiwa simu, tai ingepona. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote Tunduma.

Itumba, Jenista alimtazama shingoni kabla hajamwamkia.

"Iko wapi, baba?"

"Imekatika, mwanangu. Nilichelewa kuifungua."

"Usilie, utaharibu poda," alisema shangazi yake, Frida, naye akilia.

Mdogo wake Rozi, Aliko, alivua tai yake kupitia kichwani. "Vaa hii, shemeji. Imeshafungwa."

Gwalugano alitikisa kichwa. Aliingia kanisani shingo wazi, mkono wa binti yake ukimkaza mpaka akaumia.

Kwenye sherehe, mshereheshaji, kijana mchangamfu aliyetoka Tunduma, alimwona.

"Jamani! Baba wa bibi harusi ni bingwa wa tai mpaka Nakonde wanamjua, leo kaja na shingo kama ya jogoo! Mzee, zote umeuza?"

Ukumbi ukacheka. Wazee wa kanisa aliowasema miaka yote walicheka kuliko wote, wakigongana mabega na tai zao zilizonyongwa. Kipaza sauti kikaletwa mbele yake. Gwalugano alisimama, akakishika kama kitu asichokijua.

"Aliyekuwa ananifungia hayupo," alisema.

Kicheko kilikoma. Mshereheshaji akaiomba kwaya iimbe. Gwalugano alirudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, akaketi. Kule mbele Jenista alikuwa ameinamisha kichwa, na mumewe alikuwa akimuuliza jambo sikioni.